Alipotoka Nyuma ya Pazia: Uchambuzi wa Kisa cha Abbie Conant

Mwaka 1980 wapiga tromboni 33 walialikwa Munich, katika iliyokuwa Ujerumani Magharibi, kugombea nafasi moja tu. Tromboni ni ala ya shaba ya kupuliza. Haina vitufe vya kubonyeza kama tarumbeta. Mpigaji anausukuma na kuuvuta mrija mrefu mpaka aipate sauti anayoitaka. Nafasi yenyewe ilikuwa ya mpiga tromboni wa kwanza katika okestra ya jiji hilo, Münchner Philharmoniker. Mwenye nafasi hiyo ndiye anayewaongoza wenzake wa tromboni, na muziki unapoitaka tromboni isikike peke yake, yeye ndiye anayepiga.

Usaili wa siku ile ulikuwa na jambo moja ambalo halikuwa desturi ya okestra hiyo: wagombea walipiga wakiwa nyuma ya pazia. Pazia halikuwekwa kwa ajili ya wanawake. Mmoja wa wagombea alikuwa mtoto wa mtu aliyefahamika na wanaokestra, na ili pasitokee upendeleo ikaamuliwa kwamba duru ya kwanza isikilizwe bila kuonana. Walikuwa wakimlinda mwanamume mmoja asipendelewe na wengine wasionewe. Hilo lilikuwa jambo jema, na linaonyesha kwamba watu wale walijua vizuri jinsi macho yanavyoweza kulipotosha sikio.

Mgombea wa 16 alipiga kipande cha mtunzi Ferdinand David, ambacho kila mpiga tromboni anayetafuta kazi Ujerumani hukifanyia mazoezi mpaka akiote usingizini. Noti moja ikamkwaruza. Alipomaliza alijihesabu ameshindwa, akaenda kufungasha vitu vyake aondoke. Huku upande wa pili wa pazia, Sergiu Celibidache, aliyekuwa kiongozi mkuu wa muziki wa okestra hiyo tangu 1979, alitamka palepale kwamba huyo ndiye wanayemtaka. Wagombea 17 waliokuwa bado wanasubiri zamu waliambiwa waende zao.

Mtu akatumwa kumwita Bwana Conant. Barua ya mwaliko ilikuwa imeandikwa hivyo, "Herr Abbie Conant". Aliyetoka nyuma ya pazia alikuwa mwanamke kutoka Marekani. Wajumbe wakapigwa na butwaa, wengine wakaita jina la Mungu.

Nimekirudia kisa hiki mara nyingi, na kila mara nasimama hapo, kwenye zile hatua chache kati ya pazia na meza ya wajumbe. Sauti imekwisha kusikika. Uamuzi umekwisha kutolewa, tena kwa furaha. Hakuna noti mpya iliyopigwa. Habari iliyoongezeka ni moja tu, kwamba mpigaji ni mwanamke, na habari hiyo ilimgharimu miaka 13.

Miaka 13

Hawakumkataa siku ile. Abbie Conant alipita duru mbili zilizofuata, safari hii bila pazia, akapewa kazi. Nalitaja hili kwa sababu wanaosimulia visa vya ubaguzi mara nyingi hupenda kuwachora wabaguzi kama majitu yaliyoufunga mlango kwa kufuli. Hapa mlango ulifunguliwa. Tatizo lilianza alipokwisha kuketi kwenye kiti.

Haukupita muda mrefu akaitwa kwenye kikao na kuambiwa kwamba atashushwa awe mpiga tromboni wa pili. Hakuelezwa sababu. Akawekwa tena kwenye matazamio ya mwaka mzima ili ajithibitishe upya. Mwaka ukaisha na hali ikabaki ileile. Celibidache alimwambia kwamba tatizo analijua mwenyewe: wanahitaji mwanamume kwa nafasi ya tromboni ya kwanza. Akashushwa.

Akaenda mahakamani. Hoja ya okestra ilikuwa kwamba hana nguvu za mwili zinazohitajika kuliongoza kundi la tromboni. Basi akapelekwa hospitali ya magonjwa ya mapafu, ile ya Gauting karibu na Munich, akapimwa. Alipuliza kwenye mitambo, akatolewa damu ili ipimwe uwezo wake wa kutumia oksijeni, akachunguzwa kifua. Matokeo yalimweka juu kabisa ya wastani, hata muuguzi mmoja akamuuliza kama ni mwanariadha.

Okestra haikunyamaza. Ilidai kwamba alipopiga kile kipande mashuhuri cha tromboni katika Requiem ya Mozart, yaani muziki wa misa ya wafu, upungufu wa pumzi zake ulisikika wazi. Kiongozi mgeni aliyeongoza maonyesho hayohayo alikuwa amemsifu yeye hasa. Ukapangwa usikilizwaji maalumu mbele ya mtaalamu wa tromboni kutoka nje ya okestra. Conant akapiga vipande saba kati ya vile vigumu kabisa vya ala hiyo, na mtaalamu akammwagia sifa.

Ilimchukua miaka minane tangu usaili hadi kurudishiwa nafasi yake, mwaka 1988. Hapo ikaanza kesi ya pili. Alikuwa amerudi kwenye kiti cha kwanza, lakini okestra ilikataa kumlipa mshahara wa daraja moja na wanaume wenye nafasi kama yake. Hiyo nayo akaishinda, mwaka 1993.

Kama pumzi ndizo zilizopungua

Katika utetezi wote wa okestra kuna jambo moja ambalo kwangu linafichua kila kitu, na sioni likitiliwa mkazo inavyostahili. Conant hakufukuzwa. Aliambiwa awe wa pili.

Mpiga tromboni wa pili naye anapuliza. Anakaa kwenye jukwaa lilelile, katika Requiem ileile, kwa saa zilezile, na ala yake inataka pumzi zilezile. Mtu asiye na mapafu ya kupiga tromboni hana mapafu hayo kwenye kiti chochote. Kwa hiyo hoja ya mwili haikuhusu kupiga. Ilihusu kuongoza, na okestra yenyewe iliandika hivyo: nguvu za kuliongoza kundi. Wanaume wa kundi lile walitakiwa wavute pumzi anapovuta yeye na waanze anapoanza yeye. Mwanamke aliyeketi pembeni na kufuata hakumsumbua mtu.

Ndiyo maana naona ni kosa kukisoma kisa hiki kama ubishi kuhusu mapafu. Ni kweli kwamba kwa wastani mapafu ya wanaume ni makubwa kuliko ya wanawake, na mikono yao ni mirefu zaidi, na kwa tromboni mkono ni muhimu kwa sababu noti nyingine hupatikana mrija ukiwa umesukumwa hadi mwisho. Lakini tromboni nyingi za okestra zina vali inayofungua bomba la ziada, na vali hiyo inampunguzia mpigaji haja ya kuufikia mwisho wa mrija. Tena okestra haiajiri wastani. Inamwajiri mtu mmoja mwenye mapafu yake, na mapafu ya huyu yalikuwa yamekwisha kusikika nyuma ya pazia kabla hospitali haijayapima.

Fikiria pia nani aliyepelekwa kupimwa. Sijaona popote kwenye kisa hiki mwanamume wa kundi lile aliyepelekwa Gauting kupuliza mtambo. Yeye hahitaji cheti cha mapafu, kwa kuwa uanaume wake umehesabiwa kuwa ndicho cheti. Mwanamke analeta ushahidi, ushahidi unakubaliwa, kisha anatakiwa alete mwingine. Walipomaliza pumzi walihamia Requiem, kisha wakasema si mtu wa kutegemewa, kisha wakashika mshahara. Wanawake wengi wanaosoma hapa wanaujua mwendo huo hata kama hawajawahi kuiona tromboni, kwa sababu ndio mwendo wa kila kazi ambayo mtu ameshajibu swali nalo linarudi likiwa limevaa nguo nyingine.

Je, walikuwa wanasema uongo?

Pengine kwenye baadhi ya madai, ndiyo. Lakini sidhani kwamba uongo unaeleza kisa chote. Naamini baadhi ya wanaume wale, walipomtazama akipiga, kweli walisikia pumzi zikipungua.

Mwaka 1976 watafiti John Condry na Sandra Condry walichapisha utafiti uliofanyika hivi. Watu wazima zaidi ya 200 walioneshwa filamu ya mtoto mchanga akipewa vitu mbalimbali vya kuchezea. Kimoja kilikuwa kisanduku ambacho mwanasesere huchomoza ghafla kutoka ndani yake. Mtoto anashtuka, anafadhaika, analia. Filamu ilikuwa moja na mtoto mmoja, ila watazamaji wengine waliambiwa ni wa kiume na wengine wakaambiwa ni wa kike. Walioambiwa ni wa kiume walielekea zaidi kusema mtoto amekasirika. Walioambiwa ni wa kike walielekea kusema ameogopa.

Hawa hawakuwa na kesi mahakamani, hawakuwa na cheo cha kulinda wala mshahara wa kubania. Waliulizwa tu wameona nini, nao wakaeleza walichoona. Jina la jinsia lilikwishaingia machoni kabla ya picha.

Sasa fikiria hilo likitokea siku baada ya siku kwa mtoto halisi. Kilio cha huyu kinapokelewa kama hasira, basi anaachwa apambane, au anaambiwa ni shupavu. Kilio cha yule kinapokelewa kama hofu, basi anabebwa na kuondolewa karibu na kile kisanduku. Baada ya miaka michache mmoja amezoea kuvisogelea vitu vinavyoshtua na mwingine amezoea kuondolewa. Mtu akiwaona wakati huo atasema wamezaliwa hivyo. Wala hatakuwa anatunga, atakuwa anaeleza tofauti anayoiona kwa macho. Asichokiona ni mikono iliyoitengeneza, na mara nyingi ni mikono ya watu wenye upendo mwingi.

Mtoto anapochagua ala

Ala za muziki zinatupa nafasi nzuri ya kuyatazama mafunzo haya, kwa sababu hakuna anayeweza kusema kwamba zumari lilizaliwa la kike. Mwaka 1978 Harold Abeles na Susan Porter walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Waliwauliza watu wazima wangemchagulia mtoto ala gani. Mtoto akiwa wa kike, walielekea kwenye filimbi, klarineti na fidla. Akiwa wa kiume, ngoma, tarumbeta na tromboni. Tromboni ilikuwa imekwisha kugawiwa wenyewe kabla mtoto hajaigusa.

Kisha wakawatazama watoto wenyewe, na hapa ndipo pananigusa zaidi. Kwa watoto wa chekechea tofauti kati ya uchaguzi wa wavulana na wa wasichana ilikuwa ndogo. Ilikua kadiri madarasa yalivyopanda, na ilipofika darasa la tatu na la nne ilikuwa pana. Mapafu ya mtoto wa miaka tisa wa kike hayana upungufu wowote wa kumfanya aikimbie tromboni. Kilichobadilika katika miaka ile ni kwamba wamejua nani hupiga nini. Hakuna somo lililofundishwa kwa jina hilo. Wamelijua kwa kuona nani anakabidhiwa ala gani, nani anachekwa, na picha ya nani imebandikwa ukutani.

Kuna tofauti nyingine ndani ya utafiti huo ambayo watu huipita haraka. Wasichana waliendelea kuchagua ala za aina nyingi. Wavulana ndio waliobanwa zaidi, wakishikilia zile zilizoitwa za kiume. Hilo linaeleweka: msichana anayeshika ngoma anaonekana anapanda, ilhali mvulana anayeshika filimbi anaonekana anashuka. Ubaguzi una ngazi, na mtoto wa miaka minane ameshaijua kila hatua yake. Nawaonea uchungu wavulana hao. Wapo waliokuwa na filimbi ndani yao na hawataijua kamwe. Na mvulana aliyejifunza kwamba cha kike ni cha chini, akikua, akaketi kwenye kundi la tromboni, kisha mwanamke akaketi kiti cha kwanza, mwili wake wote utamwambia kwamba mambo yamepinduka. Hatahitaji kuambiwa na kiongozi yeyote.

Wanaume wa Munich walikuwa na walimu wengine pia. Katiba ya Ujerumani Magharibi ya mwaka 1949 ilisema, katika kifungu cha 3, kwamba wanaume na wanawake wana haki sawa. Hata hivyo, hadi mwaka 1977 sheria ya ndoa ilikuwa bado inamkabidhi mke kazi za nyumbani na kumruhusu kufanya kazi nje kwa kadiri tu isivyogongana na wajibu wake wa ndoa na familia. Sheria hiyo ilibadilishwa miaka mitatu kabla ya usaili wa Conant. Wengi wa wanaume waliokuwa wamekaa upande ule wa pazia walikuwa wameishi na kufanya kazi kwa miaka chini ya sheria iliyosema kazi ya mwanamke nje ya nyumba ni ya ziada. Sheria kwenye karatasi hubadilika kwa siku moja, lakini waliolelewa nayo huendelea kwenda kazini kesho yake.

Bwana, Ndugu, na kuolewa

Niachie hapa nitoke kidogo nje ya Munich, niingie kwenye lugha yetu.

Kosa la ile barua, "Herr Abbie Conant", lilitokana na Kijerumani kumtaka mwandishi achague. Wakati ule haikuwa rahisi kumwandikia mtu barua ya heshima bila kuamua kama ni wa kiume au wa kike, na kwa jina la Abbie aliyeandika akabahatisha. Kwa Kiswahili angeandika "Ndugu Abbie Conant" na asikosee. Lugha yetu haina "yeye" wa kike na "yeye" wa kiume. Ukisema "amepiga tromboni vizuri sana", hujasema lolote kuhusu jinsia. Yaani sentensi yetu ya kawaida kabisa ina pazia ndani yake.

Nilipoliona hilo nilifurahi, kisha furaha ikapungua. Lugha ileile isiyotofautisha "yeye" inasema mwanamume anaoa na mwanamke anaolewa. Mmoja ni mtendaji, mwingine ni mtendwa, na hatushtuki kwa sababu tumeyatamka hivyo tangu hatujui kufunga vifungo vya shati. Tunasema "jikaze kiume" na kusudi letu ni jema. Tunamsifu mwanamke aliyefanya jambo kubwa kwa kusema "huyu ni mwanamume", na yeye anaipokea kama zawadi. Mtoto anayesikiliza pembeni hahitaji kamusi. Ameelewa kwamba ushupavu una mwenyewe, na mwanamke akiwa nao, ameuazima.

Kwa hiyo kutokuwa na "yeye" wa kike hakututoshi. Hata pazia likiwepo kwenye kiwakilishi, mafunzo yatapita kwenye kitenzi.

Watawa wa Ferrara

Anayeamini kwamba tromboni ni ya kiume kwa maumbile inambidi awaeleze watawa wa kike wa San Vito, katika mji wa Ferrara, Italia. Mwaka 1594 mwanazuoni Hercole Bottrigari aliandika kwa mshangao kuhusu muziki wao, na miongoni mwa ala walizozipiga alizitaja tromboni. Walikuwa wakiipiga karibu karne nne kabla ya kesi ya Munich, nayo ilikubali pumzi zao.

Karne ya 18, katika jiji la Venice, wasichana waliolelewa katika nyumba ya yatima ya Ospedale della Pietà walikuwa na okestra iliyowavuta wasafiri kutoka pande zote za Ulaya. Antonio Vivaldi alianza kuwafundisha fidla mwaka 1703. Walipiga za nyuzi na za kupuliza, nzito na nyepesi, kwa sababu palipo na wasichana pekee hakuna anayeweza kuachiwa ala "za kiume". Na walipiga wakiwa wamefichwa nyuma ya wavu wa chuma. Wasikilizaji walisikia bila kuona.

Wavu ule uliwekwa kwa sababu nyingine kabisa, ya kuwastiri wasitazamwe. Lakini unaponijia akilini pamoja na pazia la Munich, naona jambo lilelile mara mbili: mwanamke anapofichwa, muziki wake unasikika kama muziki. Jambo hilo linapaswa kutuumiza. Tunaposema pazia limesaidia, tunasema pia kwamba njia iliyopatikana ya kumtendea mwanamke haki ni kumwondoa machoni.

Pazia lina mwisho wake

Okestra kubwa za Marekani zilianza kutumia pazia kwa wingi katika miaka ya 1970 na 1980, nyingine zikatandika zulia ili hata mlio wa viatu usimfichue anayeingia. Claudia Goldin na Cecilia Rouse, waliochunguza suala hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2000, walieleza kwamba katika zile tano zilizohesabiwa kuwa bora, wanawake hawakufika asilimia 5 ya wanamuziki mwaka 1970, na mwaka 1997 walikuwa asilimia 25. Ongezeko hilo ni la kweli. Ni kiasi gani cha hilo kilitokana na pazia, takwimu zao hazikuwa imara kama wengi wanavyozinukuu, na wataalamu wa takwimu wamezikosoa. Mimi nalipenda pazia, ila sitaki lipewe kazi ambayo haikuthibitishwa kuwa limeifanya.

Na kisa cha Conant chenyewe kinatuonyesha mpaka wake. Pazia lilimvusha duru ya kwanza. Kuanzia hapo alifanya kazi mchana kweupe, kila siku, mbele ya watu ambao masikio yao hayakuwa yamefundishwa jambo jipya. Hata waliomshangilia kwa masikio waliingiwa na shaka kwa macho, na shaka ikashinda. Wenzao wa Berlin walipitia jambo kama hilo wakati huohuo: mwaka 1982 okestra ya Berliner Philharmoniker ilimpokea mwanamke wa kwanza, mpiga fidla Madeleine Carruzzo, lakini kiongozi wao Herbert von Karajan alipotaka kumwajiri mpiga klarineti Sabine Meyer, wanaokestra walipiga kura 73 kwa 4 kumkataa. Wiener Philharmoniker ya Vienna ilisubiri hadi 1997 kumkubali mwanachama wa kwanza mwanamke, Anna Lelkes, mpiga kinubi, ambaye alikuwa amekwisha kupiga nao kwa zaidi ya miaka 20. Walimsikia kwa zaidi ya miongo miwili na hawakuona kwamba ni mwenzao.

Wengi husema dawa ni mifano: mwoneshe mtoto mwanamke anayepiga tromboni na mambo yatabadilika. Nilikuwa nikiamini hivyo bila masharti. Kisha kuna utafiti wa Anna Harrison na Susan O'Neill, wa mwaka 2000 pia, uliofanywa kwa watoto wa shule ya msingi. Watoto walioneshwa wanamuziki waliovunja mazoea. Wasichana walipomwona mwanamume akipiga piano, hamu yao ya piano ikapungua. Wavulana walipomwona mwanamke akipiga gitaa, hamu yao ya gitaa ikapungua. Ulitarajiwa mlango ufunguke kwa pande zote mbili, kumbe mtoto alihesabu kwamba ala imehama upande.

Ninavyolielewa hilo ni kwamba mtoto hajifunzi tu nani anapiga nini. Anajifunza kwanza kwamba kila kitu lazima kiwe na upande. Akishalijua hilo, kila mfano mpya anaupanga kwenye upande mmoja au mwingine. Lacey Hilliard na Lynn Liben walichapisha mwaka 2010 utafiti wa watoto wa chekechea ambao walimu wao, kwa wiki mbili, waliwagawa kwa jinsia katika mambo madogo tu: foleni za wavulana na za wasichana, salamu za "wavulana na wasichana". Hawakuambiwa kwamba kundi moja ni bora kuliko lingine. Baada ya wiki hizo mbili mawazo yao kuhusu kazi za kiume na za kike yalikuwa yameongezeka ugumu, na walikuwa wamepunguza kucheza na watoto wa jinsia nyingine. Mfano mmoja wa kuvutia kwa mwaka hauwezi kushindana na foleni inayopangwa kila asubuhi.

Trossingen

Mwaka 1992, kabla kesi ya mshahara haijamalizika, Conant alianza kuwa profesa wa tromboni katika chuo cha muziki cha serikali huko Trossingen, kusini mwa Ujerumani. Aliiacha okestra ambayo alikuwa amepigania kiti chake kwa miaka yote hiyo.

Kuna wanaoiona hatua hiyo kama kushindwa. Aliondoka, watu wakamwona ameondoka, na kiti kikabaki wazi. Sikubaliani nao, ingawa sitaki pia kuigeuza hasara yake kuwa ushindi kwa maneno matamu. Miaka ambayo mwanamuziki yuko kwenye kilele cha uwezo wake, yeye aliitumia kuandaa nyaraka za mawakili na kupuliza mitambo ya hospitali. Hakuna hukumu iliyomrudishia miaka hiyo.

Ila mwanafunzi anayejifunza tromboni kwa mwalimu mmoja, ana kwa ana, wiki baada ya wiki kwa miaka kadhaa, hupata kwa mwalimu huyo namna ya kuvuta pumzi, mahali pa kuanzia noti, na sauti ambayo tangu hapo ataipimia kila tromboni atakayoisikia. Wanafunzi wa Trossingen, wa kiume na wa kike, waliipata sauti hiyo kutoka kwake, akiwa amesimama mbele yao, bila pazia.